Siku 22 na Karatasi Moja: Kazi za Wakala na Kutoka Katika Ukosefu wa Kazi

Hotuba iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi katika ukumbi wa parokia, komini (eneo la utawala wa mji) ya Katuba, Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo

Baba zangu, mama zangu, wadogo zangu na watoto wangu mliofika asubuhi hii,

Nimeombwa kuzungumza juu ya jambo ambalo kila nyumba katika komini za mji wetu za Katuba, Kenya na Ruashi inalijua kwa jina moja au lingine, yaani kazi ya muda inayopatikana kupitia wakala. Wengine wanaiita sutretansi, wengine kazi ya kontra, na wengine wanasema tu kwamba wamepata kakazi ka miezi mitatu. Swali nililopewa ni kama kazi ya namna hiyo inaweza kumtoa mtu katika ukosefu wa kazi. Jibu langu ni kwamba inaweza, na mimi mwenyewe ilinitoa. Lakini haikunitoa kwa nguvu ya mshahara wake, bali kwa karatasi moja iliyobaki mkononi mwangu ilipokwisha, na karatasi hiyo sikupewa mpaka nilipoidai.

Nianze na kazi yenyewe ilivyo, maana wengi huingia ndani yake bila kujua wameajiriwa na nani. Katika kazi ya kawaida kuna pande mbili, mwajiri na mfanyakazi. Katika kazi ya wakala kuna pande tatu. Kampuni ya mgodi, tuseme, inahitaji wapishi, madereva na watu wa usafi. Badala ya kuwaandika yenyewe, inafanya makubaliano na wakala, na wakala ndiye anayetia sahihi mkataba wa mfanyakazi, ndiye anayemlipa, na ndiye anayepaswa kumwandikisha CNSS, mfuko wetu wa taifa wa hifadhi ya jamii. Anayekuamuru kutoka asubuhi mpaka jioni ni kampuni, lakini mwajiri wako kwenye karatasi ni mwingine, ambaye pengine humwoni isipokuwa siku ya malipo. Kampuni hulipa ankara moja kila mwezi, na wakala hutoa humo mishahara, michango na faida yake. Sisemi kwamba faida hiyo ni haramu, kwa kuwa kutafuta watu, kuwachagua na kuwasimamia ni kazi. Shida huanza pale ambapo wakala hana kitu kingine cha kuuza ila bei ya chini kuliko ya mwenzake, kwa sababu hapo mahali pekee anapoweza kupunguza ni kwa mfanyakazi: mchango usiopelekwa, likizo isiyohesabiwa, viatu vya usalama vinavyovaliwa mpaka vinapasuka.

Najua wapo wazazi humu wanaowaambia watoto wao wasiguse kazi hiyo, wasubiri ajira ya kweli. Nawaelewa. Wengi wetu tulikulia katika kambi za wafanyakazi, tukisikia wazee wakisema: kazi njo baba, kazi njo mama, yaani kazi ndiyo baba na ndiyo mama. Kazi ilitoa nyumba, shule, hospitali na mposho wa unga. Baba yangu alikuwa mmoja wa wafanyakazi 10,655 walioondoka Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mwaka 2003 katika ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, nami nakumbuka alivyokaa kwenye kiti chake cha mbao akihesabu miaka yake ya kazi kwa vidole, kana kwamba hesabu ingetoka tofauti akiirudia. Kampuni ile ilikuwa imetoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980. Baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka mwaka 1990 haikusimama tena vile. Migodi mipya iliyofuata Sheria ya Madini ya mwaka 2002 haikurudisha kambi wala mposho. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2021 na shirika la RAID pamoja na CAJJ, kituo cha msaada wa kisheria cha huku kwetu Katanga, ulionyesha kwamba katika migodi mikubwa mitano ya kobalti zaidi ya nusu ya wafanyakazi walikuwa wameajiriwa na wakandarasi wadogo, si na migodi yenyewe. Kwa hiyo kumwambia kijana asiguse kazi ya wakala ni kumfungia mlango ambao walio wengi wanapitia. Afadhali tumfundishe namna ya kuupita.

Tena jambo hili si geni katika mji huu. Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910, ukiitwa Élisabethville, na mwaka huohuo likaundwa shirika la kuandikisha watu kwa ajili ya Union Minière, kampuni ya Kibelgiji ya migodi ya shaba; shirika hilo liliitwa Bourse du Travail du Katanga. Lilikuwa wakala wa kazi kabla neno hilo halijajulikana kwetu: lilikwenda vijijini, likakusanya wanaume, mara nyingi kwa shuruti ya machifu na ya serikali ya kikoloni, likawaleta migodini kwa mikataba mifupi, kisha likaleta wengine. Wengi walikufa kwa magonjwa. Aliyebaki hai alirudi kwao mara tu alipoanza kuijua mashine, na kampuni ikaanza upya na mgeni asiyejua kitu. Kuanzia mwaka 1928 hivi Union Minière ilibadilisha mwendo, ikaleta mikataba ya miaka mitatu na kuruhusu mke na watoto waje. Haikufanya hivyo kwa huruma. Ilikuwa imekwisha kuhesabu na kuona kwamba mtu wa muda mfupi ni ghali. Nawaomba wenye kampuni walioko humu waikumbuke hesabu hiyo, kwa sababu nawaona sasa wakiirudia njia ambayo mji huu uliiacha karibu miaka 100 iliyopita.

Sasa niseme yaliyonipata mimi.

Kwa miaka minne sikuwa na kazi ya mshahara. Niliuza makala, yaani mkaa, kisha mafuta ya kupikia kwa kipimo kidogo mbele ya nyumba ya mama yangu. Siku moja wakala mmoja, ambaye sitamtaja, alitafuta watu wa jikoni kwa kambi ya mgodi iliyoko kwenye barabara ya Kolwezi. Nikakubaliwa. Nikawaacha watoto wangu watatu kwa bibi yao hapa Katuba, nikaenda kukaa kambini, nikirudi siku chache kila baada ya majuma sita. Tulianza saa tisa ya usiku, kwa sababu zamu ya kwanza ilipaswa kuwa imekula kabla ya mapambazuko. Tulisonga bukari, yaani ugali, katika sufuria ambazo mtoto angeweza kusimama ndani yake, wanawake wawili kwa mwiko mmoja, tukaosha, tukaanza tena. Beji zetu zilikuwa na kamba ya kijivu. Walioandikwa na kampuni yenyewe walikuwa na kamba ya kijani, na basi lao ndilo lililotangulia kuondoka.

Mkataba wangu ulikuwa wa miezi mitatu. Ukaisha, nikapewa mwingine wa miezi mitatu, na mwingine, mpaka ikafika saba. Hakuna aliyenieleza kitu, nami niliogopa kuuliza, kwa maana nje ya geti walikuwapo akina mama wengine wakisubiri nafasi yangu. Nilifanya jambo moja tu, na nililifanya kwa woga wala si kwa akili: nilichukua daftari la zamani la mwanangu mkubwa, lenye hesabu zake za kuzidisha upande wa mbele, nikaligeuza, na kwenye kurasa za nyuma nikaandika kila siku tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka na jina la kapita, yaani msimamizi, aliyekuwa zamu. Katikati ya kurasa nilichomeka karatasi zangu za malipo.

Mwishoni mwa mkataba wa saba nilirudi kutoka likizo fupi, nikapitisha beji kwenye mashine ya getini, na taa ikabaki nyekundu. Mlinzi akaipitisha tena. Nyekundu. Akaniambia jina langu limeondolewa. Sikupewa barua, wala malipo ya likizo, wala cheti kinachosema nilifanya kazi gani na kwa muda gani. Nilirudi Lubumbashi nikiwa nimefanya kazi miezi 21, na kwa macho ya mwajiri yeyote mwingine nilikuwa mama aliyeuza makala.

Jirani yangu ndiye aliyenipeleka kwenye ofisi ya serikali ya ukaguzi wa kazi. Mkaguzi alilifungua daftari lile, akapita mistari kwa kidole chake, halafu akanisomea sheria ambayo nilipaswa kuisoma kabla ya kupanda basi siku ya kwanza. Nawasomea ninyi leo, polepole, kwa sababu ni mali yenu.

Kanuni yetu ya Kazi, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema kwamba mkataba wa muda maalumu hauwezi kuzidi miaka miwili. Kwa mtu aliyeoa au kuolewa na kutenganishwa na familia yake kwa sababu ya kazi, hauwezi kuzidi mwaka mmoja; na wale mnaoacha watoto hapa na kwenda migodini Fungurume au Kolwezi mlitazame neno hilo mara mbili. Mfanyakazi hawezi kufunga zaidi ya mikataba miwili ya namna hiyo na mwajiri yuleyule, wala mkataba hauwezi kurudishwa upya zaidi ya mara moja, isipokuwa kwa kazi za msimu na kazi nyingine chache zilizotajwa. Mipaka hiyo ikivukwa, mkataba unageuka kuwa wa muda usio na kikomo, hata kama hakuna aliyeandika hivyo. Mimi nilikuwa nimepewa saba. Tangu ule wa tatu nilikuwa mfanyakazi wa kudumu bila kujijua.

Kwa anayefanya kibarua cha siku kwa siku, sheria hiyohiyo inahesabu siku. Ukiwa umetimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, na ukachukuliwa tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, ajira hiyo mpya inahesabiwa kuwa ya muda usio na kikomo. Ndiyo sababu kuna mahali ambapo kibarua anaambiwa apumzike siku ya 20 au ya 21, arudi mwezi unaofuata. Anayemsimamisha anajua kuhesabu. Nataka naye anayesimamishwa ajue, na hawezi kujua kama hakuandika. Kumbukumbu ya kichwa haifiki mbele ya mkaguzi. Tarehe zilizoandikwa siku ileile, kwa kalamu zilizobadilika na mwandiko uliochoka, zinafika.

Pia mkataba hutakiwa kuandikwa. Pale ambapo hakuna maandishi, sheria inachukulia kwamba umeajiriwa kwa muda usio na kikomo mpaka mwajiri athibitishe vingine, kwa hiyo asiyekupa karatasi akidhani amejificha amejifunga mwenyewe. Na kazi inapokwisha, kwa njia yoyote ile, mwajiri ana wajibu wa kukupa cheti kinachotaja aina ya kazi, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Karatasi hiyo ndiyo niliyoitaja mwanzoni. Mkaguzi alimwita wakala, tukakaa mezani mara tatu, na mwishowe nikapata malipo ya likizo, fidia ya kuachishwa bila taarifa, na cheti. Fidia ilikwisha baada ya karo na kodi ya nyumba. Cheti ninacho mpaka leo.

Kwa nini kilikuwa na thamani? Kwa sababu ya jambo dogo lililotokea mwezi wa tano wa kazi. Mtunza bohari wa jikoni aliugua, na kapita akauliza ni nani anayeweza kuhesabu magunia. Nikanyoosha mkono. Tangu hapo nilitumia nusu ya siku bohari: kupokea unga, mafuta na samaki wa kukauka, kujaza kadi za akiba, kutenga kilichoingia kwanza ili kitoke kwanza. Mshahara haukuongezwa hata faranga moja, na wenzangu walinishangaa. Lakini cheti kilipoandikwa nilisimamia neno hilo liingie, kwamba nilikuwa msaidizi wa bohari, na kampuni iliyoniajiri baadaye, safari hii moja kwa moja, ilisoma neno hilo. Kijana akiniuliza achague kazi gani ya wakala, namjibu achague ile ambayo ndani yake kuna kitu cha kujifunza, hata kama nyingine inalipa zaidi kidogo. Na kama ujuzi haupatikani kazini, INPP, taasisi ya mafunzo ya ufundi iliyoanzishwa mwaka 1964, ina milango hapa hapa mjini. Muda kati ya mkataba mmoja na mwingine ndio muda wa kubisha hodi.

Niseme sasa juu ya karatasi ya malipo, kwa sababu wengi hutazama mstari wa mwisho tu. Tazameni mstari wa CNSS. Mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri anaongeza asilimia 13 juu yake kwa ajili ya uzee, ajali za kazi na posho za familia. Asilimia 5 ikikatwa kwako haimaanishi kwamba imefika. Mimi nilikwenda kwenye ofisi ya mfuko na karatasi zangu zote, nikaulizwa namba, na namba niliyokuwa nayo haikuwa na mchango hata mmoja. Pesa ilikuwa imetoka mfukoni mwangu kila mwezi, ikaishia njiani. Msisubiri miezi 21 kama mimi. Nendeni mwezi wa pili. Mama anayefanya kazi kati ya sufuria za maji ya moto bila bima ya ajali hana kinga yoyote siku sufuria inapopinduka.

Na kuna pesa nyingine inayopotea kabla hata ya kazi kuanza. Mtu anakuambia kwamba jina lako litaingia kwenye orodha ukimpa mshahara wako wa kwanza. Tumezoea kuita hayo matabishi, kana kwamba ni shukrani. Kwa mkataba wa miezi mitatu, ukitoa mshahara wa mwezi mmoja, umefanya kazi bure theluthi nzima ya muda wako, na kwa kuwa mkataba ukiisha utatakiwa kutoa tena, hutatoka kamwe. Mkataba wa kimataifa namba 181 wa mwaka 1997, uliopitishwa na Shirika la Kazi Duniani kuhusu mawakala binafsi wa ajira, unasema wazi kwamba wakala asimtoze mfanyakazi ada wala gharama, si moja kwa moja wala kwa mzunguko. Wakala hulipwa na kampuni inayohitaji watu. Anayeomba kwako ama analipwa mara mbili, ama si wakala.

Mtaniuliza kama kwingineko mambo ni bora. Ufaransa ina sheria ya kazi za muda za mawakala tangu mwaka 1972, na huko mfanyakazi anapomaliza muda wake bila kupewa ajira ya kudumu hulipwa nyongeza ya asilimia 10 ya mishahara yote aliyopata, kwa sababu sheria inakubali kwamba kutokuwa na uhakika ni mzigo na mzigo hulipiwa. Afrika Kusini, tangu mwaka 2015, mfanyakazi wa mshahara mdogo akipita miezi mitatu kwa kampuni ileile anahesabiwa kuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo, na mwaka 2018 Mahakama ya Katiba ililithibitisha hilo. Ningependa kuiona kanuni kama hiyo katika nchi yetu, na nawaomba wabunge wetu wa Katanga waisome.

Lakini kuna utafiti mmoja ambao hunifikirisha zaidi ya sheria hizo, nao unapingana kidogo na yaliyonipata. Wachumi David Autor na Susan Houseman walifuatilia watu wa Detroit, Marekani, wengi wao akina mama maskini, waliokuwa wakisaidiwa na serikali kutafuta kazi. Baadhi waliingizwa moja kwa moja katika kampuni, wengine wakapelekwa kwa mawakala wa kazi za muda. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2010, waliopata ajira ya moja kwa moja waliendelea kupata zaidi katika kipindi kilichofuata, na waliopitia mawakala hawakunufaika. Sikuficheni hilo. Linanionyesha kwamba kazi ya wakala peke yake haibebi mtu. Humrudisha mara nyingi pale ilipomkuta, amezeeka mwaka mmoja. Mimi nilibebwa na daftari, na bohari, na jirani aliyejua mlango wa mkaguzi, na sioni haki kwamba maisha ya mama mwenye watoto watatu yategemee bahati ya kuwa na jirani wa namna hiyo.

Ndiyo sababu nimeleta madaftari 30 leo, yako kwenye meza ile karibu na mlango wa pembeni, pamoja na kalamu. Ukurasa wa kwanza wa kila daftari nimechora mistari minne: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, jina la msimamizi. Wenye mkataba unaoendelea waje kwanza na karatasi zao, kwa sababu tarehe zao zinakwenda. Tutasoma pamoja, mmoja mmoja, mpaka saa tisa. Wale wasio na mkataba wowote tutaonana nao baadaye, nao waje na vyeti vya shule, hata vilivyochanika.